Je, Wajua? Benda ya mkono na siri za kona ya bomba

Je, wajua kwamba elbo moja ya shaba huja na viungo viwili vya kulehemu, ilhali kona iliyokunjwa kwa mkono haina hata kimoja? Mahali pasipo na kiungo hapavuji kirahisi. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya fundi kumiliki kifaa cha kukunjia bomba, au benda kama kinavyoitwa dukani na karakana.

Maji nayo hupenda kona pana. Wahandisi hupima usumbufu wa kona kwa kuulinganisha na urefu wa bomba lililonyooka. Elbo ya kawaida ya nyuzi 90 hula msukumo wa maji kama bomba lenye urefu wa vipenyo 30 hivi. Kona iliyokunjwa kwa nusukipenyo cha mara tatu ya kipenyo cha bomba hula kama vipenyo 12. Kwa bomba la milimita 15, hiyo ni sentimita 45 dhidi ya 18. Nyumba yenye kona ishirini inaokoa zaidi ya mita tano za bomba la kufikirika, na mwenye nyumba anaweza kuihisi tofauti hiyo akifungua bafu la ghorofani.

Je, wajua kwamba ndani ya kona maji hayaendi mbele tu? Husokotana katika mizunguko miwili inayopishana, mmoja juu na mmoja chini. Mwingereza W. R. Dean alilionyesha jambo hilo kwa hesabu mwaka 1927, na mizunguko hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Je, wajua kwamba maneno "nusu inchi" yanaweza kumaanisha mabomba matatu tofauti kabisa, na kwamba hapa ndipo pesa nyingi za kununulia benda hupotea?

Bomba la chuma lililopakwa zinki, yaani GI, linaloitwa nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3. Bomba la shaba la maji la mfumo wa Marekani linaloitwa nusu inchi lina kipenyo cha nje cha inchi 5/8, yaani milimita 15.9, kwa sababu katika mfumo huo bomba la maji huzidi jina lake kwa inchi 1/8 kila mara. Bomba la shaba la kiyoyozi linaloitwa nusu inchi ni nusu inchi kweli kwa nje: milimita 12.7. Basi fundi bomba anayesema "nusu" na fundi wa viyoyozi anayesema "tano kwa nane" wanaweza kuwa wanatafuta benda ileile, na wawili wanaosema "nusu" kwa sauti moja wakahitaji benda mbili tofauti. Benda hushika bomba kwa nje. Inachojali ni kipenyo cha nje peke yake, na muuzaji asiyejua hilo atakuuzia kitu kisichokufaa huku akiamini anakusaidia.

Mabomba ya shaba ya Ulaya yameepuka mkanganyiko huo. Yanaitwa kwa kipenyo cha nje: milimita 15, 22, 28. Hata hivyo, usitie bomba la milimita 15 kwenye benda ya inchi 5/8 kwa kuwa "linaingia". Linaingia, ndiyo, lakini linabaki na nafasi ya karibu milimita moja, na katika nafasi hiyo ukuta wa bomba utabonyea. Benda ya inchi 7/8 ni jambo jingine, kwa sababu ni milimita 22.2, tofauti ndogo sana na 22. Tembea na kalipa mfukoni na upime kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba kipimo kikishakubali, ugumu wa bomba unaweza bado kukukatalia? Kiwango cha Ulaya, EN 1057, kinagawa shaba katika hali tatu: R220 ni laini, R250 ni ya kati, R290 ni ngumu. Ile laini huuzwa imeviringishwa na hukunjika kwa nguvu ndogo. Ile ya kati huja katika vipande vilivyonyooka na hukunjwa vizuri kwa benda. Ile ngumu haikunjwi. Ukiilazimisha hupasuka au hubonyea, na kosa si la benda. Mara nyingi alama za ugumu huwa kwenye bomba lenyewe. Zisome kabla ya kukata.

Kwa mabomba ya Marekani, rangi ya maandishi kwenye bomba gumu hueleza unene wa ukuta: kijani ni aina ya K, nene kuliko zote; buluu ni L; nyekundu ni M, nyembamba kuliko hizo mbili.

Je, wajua kinachotokea ndani ya shaba unapovuta mpini? Upande wa nje wa kona hurefuka na kuwa mwembamba, upande wa ndani hujikusanya na kuwa mnene, na mahali fulani katikati hapavutwi wala hapabanwi. Chukua bomba la milimita 15 kwenye benda yenye nusukipenyo cha milimita 60. Ukuta wa nje unavutwa kwa sehemu moja kati ya nane ya urefu wake. Kaza kona hadi nusukipenyo cha milimita 30, na sasa unavutwa kwa robo nzima. Mtu akikusifia benda kwa sababu inakunja kona fupi sana, kumbuka ni ukuta wa bomba lako unaolipia ufupi huo.

Je, wajua kwamba shaba hukasirika ikikunjwa mara mbili? Kila ukunjaji huifanya iwe ngumu zaidi. Ukikunja, ukanyoosha, ukakunja tena mahali palepale, unatengeneza ufa ambao huenda usiuone leo. Dawa ipo: ipashe moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia, nayo inarudi kuwa laini. Na hapa shaba inatofautiana na chuma kigumu cha patasi na visu. Unaweza kuizamisha kwenye maji ikiwa bado ya moto na isiwe ngumu. Angalia tu moto usikolee, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi na hudhoofika mapema zaidi ya hapo.

Kifaa cha bei nafuu kuliko vyote ni springi. Ipo ya kuingia ndani ya bomba na ipo ya kuvaliwa nje. Kazi yake ni moja: kuushikilia ukuta usiporomoke wakati unakunja kwa goti au kwa mikono. Springi ya ndani ipake mafuta kidogo, na kama kona iko mbali na ncha, ifunge kamba kabla hujaiingiza. Kunja kupita kidogo nyuzi unazotaka, kisha rudisha kidogo. Hapo springi inalegea na unaizungusha upande unaoikaza ili itoke. Fundi mwenye springi moja nzuri ya milimita 15 anaweza kufanya kazi nyingi za nyumba ya kawaida. Tatizo lake ni usahihi: huwezi kukunja kona kumi zinazofanana kwa springi, na kona iliyo karibu sana na ncha ya bomba huwezi kuikunja kabisa, maana mkono hauna pa kushika.

Mafundi wa umeme wa Afrika Mashariki wanaijua springi vizuri kuliko mafundi bomba, kwa ajili ya mabomba ya plastiki ya milimita 20 na 25 yanayopitisha nyaya ukutani. Asubuhi za baridi za Njombe au Limuru plastiki hiyo hupasuka ikikunjwa ghafla. Isugue kwanza kwa kitambaa mpaka ipate joto. Lakini usiichukue mbinu hiyo ukaipeleka kwenye bomba la plastiki la maji yenye msukumo. Huko tumia elbo.

Na hapa niseme jambo waziwazi, kwa sababu wauzaji hawalisemi. Kama kazi zako zote ni za mabomba ya plastiki ya PPR, usinunue benda. PPR huunganishwa kwa kuyeyushwa kwenye nyuzi 260 za Selsiasi, na kona zake ni za elbo. Benda ya mkono ni ya mafundi wa shaba: wa viyoyozi na majokofu, wa gesi ya jikoni za hoteli, wa oksijeni za hospitali, wa mitambo ya maji moto. Katika pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, viyoyozi peke yake vinatosha kumpa fundi sababu ya kununua iliyo bora.

Je, wajua kwamba kona iliyobonyea kwenye bomba la kiyoyozi inaweza kuwa imejificha kwa muda mrefu? Chumba kinapoa polepole, umeme unaliwa, kompresa inachemka, na mteja anaambiwa gesi imepungua. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi na lazima yarudi. Penye bomba lililobanwa mwendo wote unavurugika. Gesi ya R-410A hufanya kazi kwenye mgandamizo wa takribani mara 1.6 ya ule wa R-22 ya zamani, na R-32 iko karibu na hapo. Kwa hiyo ukuta uliochoshwa na ukunjaji mbaya uliostahimili R-22 miaka mingi haupaswi kuaminiwa ukibadilisha mtambo. Kata, weka mpya.

Je, wajua kwamba kipimo cha mgandamizo unachokitazama kila siku kwenye mtungi wa gesi, kwenye kompresa ya kujazia upepo na kwenye geji za fundi wa viyoyozi kilizaliwa kutokana na bomba lililokunjwa vibaya?

Katikati ya karne ya 19, mhandisi Mfaransa Eugène Bourdon alikuwa akitengeneza bomba lililoviringishwa kwa ajili ya mtambo wa mvuke. Wakati wa kuviringishwa, bomba lilibonyea. Ili kulirudishia uduara, aliziba ncha moja na kusukuma maji ndani kwa nguvu. Bomba lilianza kurudia uduara wake kweli, lakini likafanya na jambo ambalo hakulitarajia: lilianza kujikunjua. Kadiri alivyoongeza mgandamizo ndivyo lilivyonyooka zaidi. Bourdon aliona kwamba bomba bapa lililopindwa linaweza kupima mgandamizo, akalifunga sindano, na mwaka 1849 akapata hataza. Fungua geji ya kawaida ya mshale iliyoharibika na utalikuta humo, limepindwa kama herufi C, limebapatika kwa makusudi. Naipenda historia hii kwa sababu aliyeibadilisha dunia ya mvuke aliliangalia bomba lililoharibika badala ya kulitupa haraka.

Mafundi bomba wameacha alama hata kwenye samani. Marcel Breuer, mwalimu wa chuo cha Bauhaus nchini Ujerumani, alipobuni kiti chake cha mabomba ya chuma mwaka 1925, baada ya kuvutiwa na usukani wa baiskeli, alimtafuta fundi bomba amsaidie kukiunda.

Na shaba kama bomba ni ya kale kuliko chuma chochote tunachofunga leo. Katika hekalu la piramidi la Farao Sahure, huko Abusir nchini Misri, wachimbaji walikuta mfereji wa mabomba ya shaba iliyofuliwa, wenye umri wa zaidi ya miaka 4,400.

Je, wajua kwamba bomba la milimita 22 linahitaji nguvu karibu mara tatu ya lile la milimita 15? Watu hudhani ni nusu zaidi, kwa kuwa kipenyo kimeongezeka kwa karibu nusu. Lakini nguvu ya kukunja hupanda pamoja na kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe, kisha unaongeza unene wa ukuta: milimita 0.9 badala ya 0.7. Kwa milimita 28 nguvu inafika kama mara nne na nusu. Ndiyo maana benda nzuri ya 22 ina mipini mirefu, na ndiyo maana kwa 28 nakushauri uachane na ya mkononi, utafute ya kusimama kwenye miguu mitatu, ya racheti au ya haidroli. Benda fupi inayodai kukunja 22 itakuumiza mabega, kisha bomba litabonyea kwa sababu umelivuta kwa mishtuko.

Vuta polepole, kwa mwendo mmoja. Hili halina njia ya mkato.

Bomba la GI halikunjwi kwa benda ya shaba. Zinki yake hubanduka kwenye kona na kutu huanzia hapo. Kulipasha moto ni kubaya zaidi: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na moshi wake huleta homa ya mafusho, yenye baridi, kutetemeka na kikohozi. Kama ni lazima ukunje bomba la chuma lisilo na zinki kwenye mashine, tafuta mshono wake na uuweke ubavuni, si nje wala ndani ya kona.

Wahunzi hujaza mchanga kwenye bomba kabla ya kulikunja kwa moto, ili lisibonyee. Mchanga huo lazima uwe mkavu kabisa. Unyevu uliozibwa ndani hugeuka mvuke na kulirusha bomba kama bunduki. Watengenezaji wa tarumbeta hutumia njia ya upole zaidi: hujaza maji ya sabuni, huyagandisha kuwa barafu, kisha hukunja. Wengine hutumia aloi ya bismuthi inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 tu. Aloi hiyo ina risasi na kadimiamu, hivyo haifai hata kidogo karibu na bomba la maji ya kunywa.

Je, wajua kwamba bomba la plastiki la PEX likibonyea linaweza kupona? Likiwa la aina ya PEX-a, hewa ya moto hulirudisha kwenye umbo lake la kwanza. Shaba haina msamaha huo.

Sasa namba zilizochorwa kwenye benda, ambazo wengi huzipuuza. Sufuri ni pa kuanzia, na namba kwenye gurudumu ni nyuzi za kona. Herufi L na R zilizo kwenye benda nyingi ni za upande: ukipima kutoka ncha iliyo kushoto kwako, alama yako ya penseli ilingane na L, ukipima kutoka kulia, ilingane na R. Fundi akishalielewa hilo, anaacha kukisia. Kumbuka tu kusoma karatasi ya mtengenezaji, kwa sababu si wote wanaochora alama kwa mtindo mmoja.

Je, wajua kwamba kona hukurudishia bomba? Tuseme unapima sentimita 50 hadi pembe ya ukuta na sentimita 40 kutoka pembe hiyo. Jumla ni 90. Lakini kwa nusukipenyo cha milimita 60, bomba linapita kwenye mzingo wa milimita 94 badala ya kwenda 120 hadi kwenye ncha ya pembe na kutoka. Umebakiza milimita 26. Kata sentimita 87.4, au, ukiwa bado unajifunza benda mpya, acha zile 90 na ukate baada ya kukunja.

Na kama kuna boriti ya kuruka? Kwa kona mbili za nyuzi 30, zidisha kina cha kikwazo kwa 2: kikwazo cha sentimita 10 kinataka alama mbili zilizoachana sentimita 20. Kwa nyuzi 45, zidisha kwa 1.4. Kwa 22.5, zidisha kwa 2.6. Hesabu hizi ni za mafundi wa umeme na za mafundi bomba vilevile. Zinatoka kwenye pembetatu, na pembetatu haijali kinachopita ndani ya bomba.

Shaba hurudi nyuma kidogo ukiachia mpini. Kunja nyuzi moja au mbili zaidi. Chuma cha pua hurudi zaidi ya hapo, na ni kigumu kiasi kwamba benda nyepesi ya shaba itapinda mipini yake kabla ya kulipinda bomba. Kwa chuma hicho nunua benda iliyoandikwa kuwa ni yake.

Nati ya flea iingize kabla ya kupanua mdomo wa bomba, na kabla ya kona kama kona iko karibu, kwani nati haipiti kwenye kona. Acha pia kipande kilichonyooka kati ya kona na kiungo, ili bomba lililobapatika kidogo lisije likaingia kwenye kiungo kinachotaka duara kamili.

Kona iliyobonyea kidogo, ambayo fundi mvivu husema "maji yanapita tu", huyaongezea maji mwendo pale penye uwazi mdogo. Maji moto yanayopita kwenye shaba kwa zaidi ya mita 1.5 kwa sekunde huanza kuula ukuta kwa ndani. Kwa maji baridi ukomo unaoshauriwa ni mita 2.4 hivi. Tundu hutokea mbele kidogo ya palipobonyea, na fundi anayeitwa kulehemu tundu hilo asipoiondoa kona yenyewe ataitwa tena.

Benda ya mtumba inaweza kuwa ununuzi mzuri kuliko mpya ya bei ya chini. Pitisha kidole kwenye mfereji wa gurudumu: uwe laini, usio na mikwaruzo wala vipande vya chuma vilivyonasa. Tikisa pini ya katikati. Ikicheza, achana nayo. Angalia ndoano inayoshika bomba kama haijapinda. Kisha omba kukunja kipande chako mwenyewe cha bomba la milimita 15 hadi nyuzi 90, na upime kona kwa kalipa pande mbili, palipo papana na palipo pembamba. Toa kidogo kwenye kikubwa, gawanya kwa 15, zidisha kwa 100. Ukipata 15.4 na 14.6, kona imebapatika kwa asilimia 5 hivi, na benda hiyo lipia. Ukipata 16 na 13.5, hiyo ni zaidi ya asilimia 16; mrudishie muuzaji benda yake.